Pengo la Saa Nane

Wodi ya wasiojiweza ilikuwa na vitanda ishirini na vinne, na juu ya kila kitanda palitundikwa saa ya mbao isiyo na betri wala mlio. Zilikatwa na fundi seremala, mume wa mkuu wa wodi hiyo, kwa mabaki ya mbao za kazini kwake. Alizipiga msasa wiki nzima huku akilalamika kiuno. Kila saa ilikuwa na mshale wa kusogeza kwa mkono na, kuzunguka saa zake za mchana na za usiku, rangi tatu: nyekundu, mgonjwa alale ubavu wa kushoto, buluu, wa kulia, nyeupe, alale chali. Kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, muuguzi anatazama ukutani, anamgeuza mgonjwa wake, anasogeza mshale, basi. Kwa ajili ya hizo saa watu walisahau jina la mkuu wa wodi, wakamwita Mama Saa.

Hakuzitoa hewani. Miaka ya nyuma alimuuguza mwalimu mmoja mstaafu aliyeletwa amepooza. Kupooza hakukumuua. Kilichomuua ni kidonda cha kulala upande mmoja, kidonda kilichoingia hadi mfupa ukaonekana. Mama Saa alijifungia kwenye chumba cha mabeseni akalia, akatoka na daftari la mistari. Ndani ya daftari hilo, kwa miaka kumi na moja, aliandika nani kageuzwa, saa ngapi, na ngozi ilikuwaje. Na katika miaka hiyo yote hakumpoteza mtu mwingine kwa kidonda. Hata mmoja!

Ila saa nane mchana haikuwa na rangi. Mbao ilibaki tupu, na daftarini palibaki pengo. Sababu yenyewe haikuhitaji akili nyingi: saa nane ndugu wanaingia kuona wagonjwa, na wauguzi wako mezani, zamu ya asubuhi inakabidhi ya mchana. Kwa hiyo saa hiyo wagonjwa waligeuzwa na ndugu zao. Mama Saa alikuwa amewafundisha mmoja mmoja. "Shika bega, shika nyonga, mvute kwako taratibu. Usimwogope, huyu ni mama yako, si yai!" Asiye na ndugu aligeuzwa na Mama Saa mwenyewe.

Katika wanafunzi waliopita wodini pale alikuwapo kijana mmoja waliyembatiza Kalamu, maana hakukosa kalamu mfukoni, sikioni na mdomoni. Alikuwa na adabu na alikuwa na maswali. Mama Saa alimpenda, akamwazima daftari kwa siku mbili, Kalamu akalirudisha likiwa limefungwa vizuri kwa gazeti. Jambo moja tu: ikifika saa nane, Kalamu alikuwa kantini anakula. Kila siku. Hakuwahi kuona saa nane ya wodi ile kwa macho yake.

Miaka ikapita, ikaja amri kutoka juu. Uuguzi sasa ni taaluma, wakasema, kana kwamba zamani ulikuwa mchezo wa kuigiza. Kila mkuu wa wodi awe na shahada, na mwenye cheti kitupu kama Mama Saa apewe miaka miwili, la sivyo akabidhi funguo. Matroni, mkuu wa wauguzi wote, alimwambia bila kupepesa macho kwamba mtu wa kushika nafasi yake yupo tayari. Mama Saa alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alinunua miwani, akaenda chuoni siku tatu kwa wiki, akakaa na watoto waliomwita bibi.

Na mhadhiri aliyeingia darasani ni nani? Kalamu! Amenawiri, amepata udaktari wa vitabuni, na watu wote wanamwita Daktari ingawa hajui hata paracetamol inauzwa duka gani. Akawasha mashine, na ukutani ikatokea picha ya saa ya mbao. Mama Saa alitambua hata pale mumewe alipokosea kukata. Alifurahi, wala hakuificha furaha yake. Akangoja atajwe.

Hakutajwa. "Hii," alisema Kalamu, "ni mbinu niliyoichunguza katika tasnifu yangu, na sasa ni kitabu. Angalieni saa nane. Hicho ni kipindi cha mapumziko ya ngozi. Baada ya kugeuzwa asubuhi nzima, ngozi huachwa itulie kwa saa nne. Mgonjwa haguswi."

Mama Saa alinyoosha mkono kama yuko darasa la pili. "Saa nane wanageuzwa na ndugu, mwanangu. Hakuna mapumziko. Mtu mzima akilala saa nne upande mmoja anaoza."

Darasa likacheka. Kalamu alitabasamu kwa shida akasema wataongea baadaye. Baadaye, ukumbini, alimshika mikono yote miwili.

"Mama yangu, unajua ninavyokuheshimu."

"Ungeniheshimu ungeniuliza. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani nimeelewa." Akatazama viatu vyake. "Sasa kimeshachapwa. Vyuo vinne vinakitumia. Kitabu hakibadilishwi kama shuka, Mama."

Hapo ndipo Mama Saa alipoanza kumchukia, na alimchukia kweli.

Mtihani ulikuja na swali la alama arobaini: eleza kwa nini mgonjwa hageuzwi saa nane. Mama Saa aliandika mstari mmoja: Hugeuzwa, na ndugu zake, na mimi niliwafundisha. Karatasi ilirudi na sifuri, na pembeni neno moja la wino mwekundu: Chanzo? Yaani ataje kitabu alikolitoa jibu hilo. Akafeli, akabakiwa na nafasi moja ya kurudia.

Nyumbani aliitupa karatasi mezani. Fundi aliisoma, akavua kofia, akajikuna kichwa. "Chanzo ni kiuno changu," alisema. "Waandikie hivyo."

"Sicheki mie! Nikikosa shahada, wodi inapewa mtu wa kitabu, na wale ishirini na wanne watalazwa kama magogo."

"Basi waandikie wanachotaka, mke wangu, uchukue karatasi yao, urudi ukafanye unachojua. Nani atakuona?"

Alizunguka na maneno hayo siku tatu. Kisha akaenda kurudia mtihani, akapiga moyo konde, akaandika. Na kwa kuwa hajui kufanya kazi nusunusu, aliandika vizuri. Aliieleza ngozi inavyochoka, damu inavyorudi, mgonjwa anavyotulia alasiri, kwa kurasa nne, kwa mwandiko wake wa herufi zenye mikia mirefu. Mwisho akamtaja Kalamu, kitabu na ukurasa. Alipata tisini na nane kwa mia. Akafika nyumbani akanawa mikono mara mbili.

Wodi alibaki nayo. Mwaka mzima saa nane aliwageuza wagonjwa akisaidiana na ndugu zao, na hakuna aliyemuuliza. Kisha akapangiwa muuguzi mpya, binti mchangamfu aliyetoka chuo cha mbali. Siku hiyohiyo aliletwa mzee asiye na ndugu, kahamishwa kutoka hospitali nyingine. Saa nane ilipofika Mama Saa alimshika bega.

"Samahani, Mama," binti alisema kwa heshima zote. "Saa hii ngozi inapumzika."

"Nani kakwambia?"

Binti alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akampa. "Ni jibu la mfano, nakala ya mtihani uliopata tisini na nane. Vyuo vyote tunalisoma, nami nimelikariri lote. Hata ile hospitali alikotoka mzee, nilikofanyia mazoezi, wamelibandika ukutani. Aliyeandika anaijua wodi, Mama, unamsikia kabisa."

Jina lilikuwa limefutwa. Mikia ya herufi ilikuwa palepale.

"Shika nyonga," Mama Saa alisema.

"Lakini Mama..."

"Shika nyonga, wewe!"

Walimgeuza mzee. Chini ya kiuno kulikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, kimeshaanza kunuka, na katikati paling'aa kitu cheupe. Binti aliziba mdomo. "Mungu wangu! Nani kamfanyia hivi?"

"Mimi," Mama Saa alisema. "Kwa mkono wangu."

Binti alicheka kidogo kwa woga, akidhani anataniwa. Mama Saa alimrudishia karatasi yake, akavaa glovu, akamwambia alete maji ya chumvi na pamba.