Alama ya Penseli

Mimi ni mtu wa hasira, na sitaki mtu anitetee. Nilikuwa nesi wa zahanati ndogo huku Kano, upande wa Ahero, karibu na Kisumu, kwa miaka kumi na tisa. Waliopita pale watakwambia, Sista Adero akisema kaa, unakaa. Wepukhulu naye alikuwa mtu wa kukaa akiambiwa kaa, na hapo ndipo shida yote ilipoanzia.

Alikuwa fundi wa mabomba, mtu wa Bungoma, akiishi Mamboleo, mjini Kisumu, na mkewe Nakhungu. Mpole mpaka alikuwa anakera. Kazi aliyoijua tangu ujana ilikuwa mabomba ya chuma: kukata nyuzi kwenye mdomo wa bomba, kuzungushia katani ya kuzuia maji, kupaka rangi, kukaza kwa spana. Akimaliza, aligonga bomba mara mbili, tok tok, kisha akaweka sikio. Siku moja nikamwuliza kama anasikiliza malaika.

"Nasikiliza kama limekubali, Sista," akasema.

Mwaka wa tisini na tatu, wageni fulani wa mradi wa maji walituachia sanduku la viungo vya plastiki. Havikazwi, havina nyuzi. Unasukuma bomba ndani, basi. Ndani mna pete ya mpira ya kuzuia maji na meno madogo ya kuuma bomba lisirudi nyuma. Nilidhani Wepukhulu atavidharau, kumbe alivipenda kama mtoto. Alinifundisha hata mimi. Unakata bomba liwe sawa, unalainisha mdomo, unapima kina cha kiungo na kuchora alama ya penseli kwenye bomba, halafu unasukuma mpaka alama ifike kwenye ukingo wa kiungo. Alama ikibaki mbali, meno hayajashika.

"Hiki hakitaki katani wala rangi," aliniambia. "Kinataka bomba safi, uchi."

Kwa hiyo nilijua. Usije ukasema sikujua.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba mvua ilinyesha hadi mashamba ya mpunga yakawa ziwa jingine. Visima vilijaa uchafu wa vyoo, na kipindupindu kikaingia. Mchana mmoja lori la maji lilitufikia kutoka Kisumu, lakini bomba la kutoka kwenye tangi letu lilikuwa limekatwa na mafuriko. Wepukhulu alikuwa amekuja na lori hilo hilo. Akatia kiungo, tukajaribu kwa ndoo mbili tatu za maji, kikavuja. Bomba lilikuwa na mkwaruzo mdomoni.

"Nikate hapa palipokwaruzwa," akasema. "Ila litakuwa fupi. Itabidi nichimbe nilivute. Nipe saa moja, Sista."

Dereva alikuwa amewasha injini. Barabara nyuma yake ilikuwa inazama, na alisema hangoji hata nusu saa. Wodini nilikuwa na watu saba wanaoharisha hadi macho yameingia ndani. Nilimfokea Wepukhulu mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa nesi. Kwa nesi, kinachovuja kinafungwa. Nikachukua bandeji, nikazungushia mdomo wa bomba kwa mikono yangu, nikamwambia asukume.

Alisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akapangusa matope, akanionyesha. "Sista, alama bado iko mbali."

"Itashika," nikasema. "Fungulia maji."

Hakugonga bomba siku hiyo. Lori lilipomaliza kumwaga maji kwenye tangi, alilipanda akaenda.

Asubuhi tulikuta tangi tupu na bomba limechomoka. Dawa ya chumvi na sukari ilikuwepo, maji safi ya kuikorogea hakuna. Tulichemsha maji ya mafuriko kwa stovu moja ya mafuta ya taa, chungu kimoja baada ya kingine. Tulianza na wazee na watoto. Rosa, binti wa kijiji cha hapo jirani, alikuwa wa mwisho kwenye foleni kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko wote. Alikufa chungu cha mwisho kikiwa motoni.

Maji yalipopungua, kamati ya zahanati ilikaa. Wakauliza nani aliyeunga lile bomba. Wepukhulu alinitazama. Mimi nilitazama rejista iliyokuwa mezani.

"Ni mimi," akasema.

Tangu hapo hakuna aliyemwita tena, si Ahero, si Kisumu. Alikwenda Muhoroni kupakia miwa kwenye trela, na mwaka wa tisini na tisa kifua kikamwua huko. Mazishi sikwenda. Mwezi huo huo nikaanza kusikia tok tok kwenye mabomba ya wodi. Fundi mwingine akaniambia ni hewa. Lakini nyumbani kwangu hakuna bomba hata moja, natumia mitungi, na huko pia nilisikia. Mara mbili, halafu kimya, kama mtu ameweka sikio anangoja jibu. Niliogopa, sitaficha.

Nikaenda Mamboleo. Nakhungu alinikaribisha, akanipa chai, kisha akafungua kitambaa na kuweka mezani kile kiungo cha plastiki. Mumewe alikuwa amekiokota baada ya mafuriko, akakihifadhi.

"Aliniambia ni kosa lake, basi," akasema. "Lakini Sista, mimi nimefua nguo za fundi miaka ishirini. Nimetoa katani, nimetoa rangi." Akaingiza kidole ndani ya kiungo, akavuta uzi mweupe uliokwama kwenye meno. "Bandeji sijawahi kuona. Hii ilitoka wapi?"

Nilimwambia yote. Hakulia, wala hakunitukana, ingawa ningependa anitukane. Alivaa viatu.

"Twende kwa mama yake Rosa," akasema. "Ukaseme hivyo hivyo."

Tulimkuta akipepeta mchele nje ya nyumba. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti. Alinisikiliza hadi mwisho, ungo ukiwa umetulia mapajani.

"Yule fundi alikuja hapa," akasema. "Alitoka Muhoroni kwa miguu. Akapiga magoti hapo uliposimama, akaniomba msamaha. Nilimmwagia maji ya vyombo."

Nakhungu aligeuza uso. Hilo hakuwa amelijua.

"Alirudi mara tatu," mama yake Rosa akaendelea. "Mara zote tatu nilimfukuza. Na wewe, Sista, miaka hiyo yote ulikuwa wapi?"

Nilikuwa zahanati. Kutoka pale hadi kwake ni mwendo wa dakika kumi.