Madaraja Tisa, Uzi Mmoja Mwekundu

Saa tatu na robo asubuhi. Darasani mna wanafunzi sabini na mmoja, madawati ishirini na manne, na mwanamke mmoja aliyeambiwa asifungue mdomo.

Mwanamke huyo amesimama nyuma kabisa, mgongo ukutani, mikono ameikunja kifuani. Buti zake zina tope lililokauka, kwa sababu amekuja moja kwa moja kutoka kwenye kituo cha kusukuma maji. Jina lake la kazini ni injinia. Walimu wanamwita Mama Pampu, naye hakasiriki.

Kwa miezi kumi na minne sasa, kila Jumamosi, siku yake pekee ya mapumziko, hupanda mabasi mawili kwenda kuwafundisha walimu wa shule za msingi namna ya kuwafundisha watoto uhandisi. Halipwi hata senti. Walimu ni kumi na wanane, kutoka shule tisa, na ukumbi wao ni ghala la shule lenye viti vibovu na harufu ya chokaa.

Mbele yake, kwenye dawati la mstari wa mwisho, amejibana afisa elimu, magoti karibu yaguse kidevu. Ndani ya faili lake kuna barua. Akiitia sahihi, mafunzo yataendelea. Asipotia, ghala litafungwa na kila mwalimu atarudi kwenye chaki yake.

Leo afisa amekuja kuona kwa macho yake kama watoto wanapata chochote. Sharti lake ni moja: injinia anyamaze, mwalimu afundishe peke yake. Na mwalimu mwenyewe, pale mbele, jasho limeanza kumtoka kabla hata hajasema neno.

Mwalimu huyu anajulikana kwa jina la Mwalimu Mwandiko. Ana miaka hamsini na minne, ishirini na saba kati ya hiyo ameimalizia mbele ya ubao. Herufi zake ubaoni utadhani zimepigwa chapa. Wakaguzi walikuwa wakiwaleta walimu wageni waje waangalie tu ubao wake, kisha waondoke. Anaandika, watoto wananakili, kengele inalia. Ndivyo alivyofundisha, na wanafunzi wake walifaulu.

Mwandiko huohuo mzuri ndio ulioanzisha balaa.

Miezi miwili iliyopita Mama Pampu alitengeneza daraja dogo la mfano kwenye meza ya jikoni kwake, kwa vijiti vya aiskrimu na gundi. Ubavu wa daraja hilo ulikuwa na miraba mitano iliyopangwa kwa mstari, na kila mraba ulikuwa na kijiti cha mshazari kinachokatiza kona hadi kona ili usiyumbe. Kila mraba, isipokuwa wa pili kutoka kushoto. Huo aliuacha wazi kwa makusudi. Alitaka walimu wautwishe mzigo, waone ukilala upande, kisha wajiulize kwa nini.

Kulikuwa na jambo jingine, hilo halikuwa la makusudi. Kijiti kimoja kilipasuka, akakifunga kwa uzi mwekundu aliouchukua kwenye kikapu cha mama yake. Hakufikiria zaidi ya hapo.

Jumamosi ile, kabla hajaweka hata jiwe moja juu ya daraja, simu ikaita. Pampu kubwa imegoma, nusu ya mji haina maji. Alichukua mkoba akatoka mbio, akiwaambia walimu waendelee, atarudi. Hakurudi siku ile, wala Jumamosi iliyofuata, kwa sababu pampu nayo ilikuwa na mambo yake.

Walimu, watu waliosomea ualimu wakahitimu, walifanya lile wanalolijua. Walilipiga picha daraja, wakalipima kwa rula kila upande, wakaenda kutengeneza linalofanana nalo, kila shule lake.

Jumamosi ya tatu ilikuwa ya maonyesho. Wazazi walijaa uwanjani, afisa elimu akapewa kiti cha mbele. Magazeti yaliyofunika madaraja yalipoondolewa, Mama Pampu aliona uzi mwekundu. Akatupa jicho meza ya pili, akaona uzi mwekundu. Madaraja tisa, kila moja na uzi wake mwekundu, kwenye kijiti kilekile, umefungwa kwa fundo lilelile. Baadaye aligundua kwamba mwalimu mmoja alizunguka maduka matatu kutafuta rangi inayofanana.

"Nilianza kukimbilia meza ya kwanza," anasimulia. "Nilijua kama wamenakili uzi, basi wamenakili na lile pengo."

Alichelewa kuzuia. Afisa alikwisha kuning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya daraja la kwanza. Mraba wa pili kutoka kushoto ukalala, daraja likaporomoka. La pili vivyo hivyo. Kufikia la tano wazazi walikuwa hawana mbavu, na baba mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba heri walimu hawa wasipewe kazi ya kujenga choo.

Mama Pampu alisimama akasema kosa ni lake, si la walimu. Lakini watu wakishaanza kucheka, nani anasikiliza maelezo ya mraba wa pili?

Daraja la Mwalimu Mwandiko lilikuwa la mwisho, na ndilo lililokuwa zuri kuliko yote, kuliko hata lile la jikoni. Lilianguka kama mengine. Aliviokota vijiti kimoja kimoja, akavifunga kwenye gazeti, akaondoka bila kumuaga mtu. Jumamosi iliyofuata hakutokea. Walimu wengine sita pia hawakutokea. Afisa elimu naye akaiweka barua kando, akasema ataifikiria.

Nyumbani, Mama Pampu alimlalamikia mama yake. Bibi huyu ana miaka sabini na sita, na alifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na mitatu. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho huku akikunja nguo, kisha akamkatiza.

"Usiwalaumu, mwanangu. Mwalimu ukimwekea kitu mbele, anakinakili, tena bila kuacha nukta. Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tukisifiwa."

Maneno hayo yalimchoma binti, kwa sababu wawili hawa wana lao la zamani. Darasa la tano alifundishwa na mama yake mzazi. Siku moja alinyoosha mkono, akauliza maji yanapandaje ghorofani ilhali maji hushuka. Mama akamjibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani, akaendelea na somo. Mtoto akaketi. Alikwenda kulitafuta jibu mwenyewe, likamchukua miaka mingi, na leo linampa mshahara. Ila swali la pili, la kwa nini mama yake alimnyamazisha, hakuwahi kuliuliza, na nyumba yao ilikizoea kimya hicho.

Siku chache baadaye alipiga moyo konde akaenda nyumbani kwa Mwalimu Mwandiko. Alimkuta sebuleni anasahihisha madaftari. Alimwamkia, akakaribishwa kiti, na kwa muda mrefu wakazungumzia mambo mengine, hali ya hewa na bei za vitu, kama watu wanaokwepa kidonda.

Hatimaye akamuuliza ilikuwaje daraja lisijaribiwe hata mara moja na wanafunzi katika wiki mbili zile.

"Nililiweka juu ya kabati," mwalimu alisema. "Hakuna mtoto aliyeligusa. Niliogopa wangelivunja."

"Mwalimu wangu, lile la mfano nililileta livunjwe."

Mzee wa watu alimtazama, akatazama kalamu yake nyekundu, kisha akaanza kucheka, na cheko lile likamletea machozi. Alipotulia, alisema lile lililokuwa limemkaa moyoni: miaka ishirini na saba hajawahi kukosea mbele ya watoto, na sasa amekosea mbele ya watoto, wazazi na afisa kwa mpigo. Alisema anaogopa kwamba watoto wakiona mwalimu hajui, hawatamwamini tena hata akiwaambia mbili na mbili ni nne.

Mama Pampu hakumpa maneno matamu. Alimweleza kwamba katika kazi yake, pampu huharibika kila juma, na fundi anayemwogopesha si yule anayesema hajui. Ni yule anayejua kila kitu.

Mwalimu Mwandiko alirudi Jumamosi iliyofuata, shingo upande, lakini alirudi. Wale sita nao wakarudi mmoja mmoja. Ghalani kukawekwa sheria mpya: picha marufuku, na hakuna mwalimu atakayetoka mlangoni kabla hajalivunja daraja lake mwenyewe na kueleza limevunjikia wapi. Mwalimu mmoja wa kike alishindwa kabisa kulivunja la kwake, akaomba msamaha kwa kijiti. Wakacheka, akalivunja.

Ndipo afisa elimu alipotuma taarifa: Jumatano, darasa moja, atalichagua yeye. Akalichagua la Mwalimu Mwandiko.

Kwa hiyo leo tuko hapa, na somo limekwenda dakika ishirini. Kwenye kila meza kuna daraja lililojengwa na watoto tangu Jumatatu. Ni mabaya kwa sura, gundi imechuruzika, mengine yameinama kama yana usingizi. Mkasi ni mmoja kwa watoto kumi na wawili, kwa hiyo vijiti vingine vimekatwa kwa meno. Ubaoni, kwa mara ya kwanza tangu afike shule hii, Mwalimu Mwandiko hajaandika kitu zaidi ya tarehe.

Wameshalijaribu daraja moja lenye mshazari mmoja kwa kila mraba. Limebeba mifuko minne ya mchanga, ya nusu kilo kila mmoja, likavunjika. Watoto wamepiga makofi. Afisa ameandika kitu kidogo kwenye faili.

Msichana wa mstari wa tatu ananyoosha mkono. Ana plasta kidoleni na sauti ya kuhoji.

"Mwalimu, tukiweka mishazari miwili inayopishana kwenye kila mraba, litabeba mifuko minane?"

Swali hili halikuwamo kwenye mafunzo. Mama Pampu analijua jibu, na ukimtazama usoni unaona linavyomsumbua. Amejiuma mdomo wa chini. Mwalimu Mwandiko anamtupia jicho, kule nyuma, jicho la mtu anayezama. Yeye anaangalia buti zake.

Darasa zima linasubiri. Afisa ameinua kalamu. Mwalimu anaitazama chaki iliyo mkononi mwake, anaiweka mezani, anajifuta vumbi kwenye suruali.

"Sijui," anasema. "Hebu tujaribu."

Hakuna mtoto aliyecheka. Hakuna aliyehesabu kosa. Kilichofuata ni vurugu: watoto wanagombania vijiti, wanafunga mishazari ya pili kwa nyuzi walizochomoa kwenye mifuko ya mchanga, wengine wamepanda madawati. Mwalimu anawaambia kila mtu akisie kabla mzigo haujawekwa. Wengi wanainua mikono kwa minane. Afisa elimu naye, bila kujijua, ameinua mkono kwa minane.

Mfuko wa nne, daraja limetulia. Wa tano, limetulia, ingawa kunasikika mlio mdogo. Wa sita unapogusa tu kamba ya kutundikia, kijiti cha chini, mbali kabisa na mishazari, kinakatika katikati, na mchanga unamwagika sakafuni.

"Kwa nini pale?" anauliza Mwalimu Mwandiko, na safari hii haulizi kwa sababu kitabu kimemwambia aulize. Amepiga magoti sakafuni, anakishika kijiti kilichokatika, na watoto wamemzunguka hadi haonekani. Msichana mwenye plasta ndiye anayesema kwamba mraba umekuwa na nguvu, basi mzigo umekwenda kumtafuta mnyonge mwingine.

Nyuma ya darasa, Mama Pampu amegeukia ukuta. Injinia wa miaka kumi na tisa kazini, mwanamke anayewafokea mafundi kumi na wawili, analia na hataki aonekane.

Afisa elimu aliitia sahihi barua palepale, juu ya dawati dogo, mchanga ukiwa kwenye viatu vyake. Hakumwaga sifa. "Muhula mmoja," alisema. "Kisha nitakuja tena, na sitatoa taarifa." Mlangoni alirudi hatua mbili kumuuliza Mwalimu Mwandiko kama kijiti cha chini kikiwa kinene zaidi, daraja litafika mifuko minane. Mwalimu akamjibu kwamba hajui, ila Ijumaa wana kipindi.

Muhula mmoja si mwingi. Mama Pampu ana mpango wa kuutumia kujiondoa taratibu: anataka kufikia mwisho wake, Jumamosi ziongozwe na walimu wenyewe, naye asimame nyuma kimya kama leo, bila kuamriwa. Somo linalofuata ni la kupandisha maji, kwa chupa za plastiki na mpira wa bustani. Vifaa tayari viko jikoni kwake.

Mchana wa Jumatano hiyo alimsimulia mama yake yote. Bibi aliuliza mara mbili kama ni kweli mwalimu alitamka kwamba hajui mbele ya afisa, na kama watoto hawakumdharau. Akajibiwa kwamba watoto walikuwa wanagombania vijiti, hawakuwa na nafasi ya kumdharau mtu. Bibi alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Kisha akauliza kama ghala lina viti vyenye egemeo, kwa sababu mgongo wake siku hizi hautaki mchezo.

"Ulipokuwa darasa la tano uliniuliza maji yanapandaje ghorofani," alimwambia binti yake. "Sijui, mwanangu. Sikujua hata siku ile. Jumamosi niwekee kiti cha mbele, unionyeshe."