Baba wa Mfano Katika Kikundi cha Lishe

Aliyetuuzia ploti alituapia kwamba tunahamia Kitengela mjini, dakika tano kutoka lami. Idara ya afya ina ramani yake, na kwenye ramani hiyo sisi tunakaa kijijini, pamoja na mbuzi wa jirani na seng'enge yake. Ndiyo maana asubuhi moja mhudumu wa afya ya jamii alibisha mlango, akamzungushia binti yetu mkononi ule utepe wa rangi tatu wa kupimia utapiamlo. Ukaishia kwenye manjano, katikati ya kijani cha afya na nyekundu ya hatari.

"Utepe wako umevutika," nikamwambia.

"Basi pima mwenyewe, Baba."

Nilipima. Manjano. Nikamweleza kwamba kwetu magharibi wembamba ni wa ukoo. Alinisikiliza kwa upole wa mtu anayemsikiliza mlevi, kisha akaniambia nimpeleke mtoto kwenye kikundi cha lishe kila asubuhi kwa wiki mbili. Asipoongeza uzito, atapelekwa hospitali kubwa kule Kajiado. Hapo utani ulinikauka mdomoni.

Mke wangu huondoka alfajiri kwenda kazini Nairobi. Mimi hufanyia kazi nyumbani, maana yake ni kwamba kila mtu anaamini sina kazi. Basi nikawa mwanamume pekee katika kikundi cha kina mama, bomani kwa bibi mmoja tuliyemwita Koko, kama Wamaasai wanavyomwita nyanya. Boma lake lilichaguliwa kwa sababu wajukuu wake walikuwa na mashavu. Utaratibu ulikuwa rahisi: kila mzazi analeta alicho nacho, kinapikwa pamoja, halafu kila mmoja anamlisha mtoto wake bila simu. Bila simu! Binti yangu hakuwa amewahi kumeza kijiko hata kimoja bila katuni.

Mimi nilileta unga. Unga huo ulikuwa fahari ya nyumba yetu: mahindi, wimbi, mtama, soya, njugu, muhogo, mbegu za mchicha na omena, vyote vimesagwa pamoja kwa ushauri wa kina mama wa kanisani, ambao kila mmoja aliongeza chake. Hata mwenye posho mill aliniuliza nafuga kuku wangapi. Koko alionja uji wake, akakiweka kikombe chini.

"Hii iko na samaki?"

"Iko, Koko. Ni protini."

"Na njugu?"

"Na njugu."

"Sasa huyu mtoto amekukosea nini?"

Wanawake walicheka mpaka mmoja akashika nguzo ya nyumba. Ukapikwa uji mwingine, wa wimbi na maziwa basi. Nikamlisha binti yangu. Akafunga mdomo kama karani anavyofunga dirisha wakati wa chakula cha mchana. Kando yangu aliketi mama mmoja kijana, mwanawe wa umri uleule, naye wa manjano. Alininyang'anya kijiko bila kuomba ruhusa. Akampa wake, akampa wangu, akawaimbia kwa Kimaa, akampa wake, akampa wangu. Binti yangu akala. Niliona wivu mkali, mtu mzima mimi, wivu wa kijiko.

Tukaendelea hivyo. Mimi nilileta mayai, avokado na maziwa ya pakiti. Yeye alileta kuni, na siku moja moja maziwa kidogo kwenye kibuyu. Ng'ombe wao wengi walikufa wakati wa kiangazi, na waliobaki mume wake alikuwa amewahamishia mbali kutafuta nyasi. Haya alinisimulia akiosha sufuria, kwa sauti ya mtu anayesema leo kuna upepo. Jioni nyumbani nilimlisha binti kwa mtindo wa mama huyo, hata wimbo nikauiba, kwa Kimaa cha kuaibisha.

Siku ya mwisho mizani ilitundikwa. Nilikuwa nimemwachia binti sweta zito, si kwa nia mbaya, ni baridi tu. Mhudumu alimvua bila kunitazama. Ameongeza! Machozi yalinitoka nikasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa limeshazimwa. Kisha akatundikwa yule mtoto wa mama kijana. Mshale ukakataa kupita alama yake ya siku ya kwanza. Akapimwa tena. Palepale. Kesho yake angepelekwa Kajiado.

Lakini palikuwa na afisa wa idara ya afya aliyekuja kufunga mafunzo ya kikundi, na afisa hawezi kurudi ofisini bila ushindi. Alinisimamisha mbele. Akasema mimi ni baba wa mfano, na kwamba akina baba wote wangekuwa kama mimi, nchi ingekuwa mbali. Kina mama wakapiga makofi. Akanitaka niwafundishe siri yangu. Siri gani? Nilikuwa na friji, na mke mwenye mshahara.

Yule mama kijana alikuwa amepiga makofi kuliko wote. Mwanawe alikuwa mapajani mwake, bado hana shati.

"Baba, hebu tuambie," akasema. "Hapa wote wanakula sawa. Tukienda nyumbani, jioni wewe unampa nini?"

Hakuwa akinikejeli. Kejeli ni kazi yangu mimi. Alitaka kujua kweli, ili naye akafanye hivyo. Nilikitazama kibuyu chake kando ya jiko, ambacho siku hiyo kilikuwa kitupu.

"Chakula, Mama," nikasema. "Jioni tunampa chakula."

Aliitikia kwa kichwa, akaanza kumvalisha mwanawe shati.