Ngumi ya Menza

Mwendesha winchi haoni anachokiinua. Waliopita bandari ya Kilindini miaka ile ya tisini na kumwona Kahindi amekaa juu ya sitaha, vipini vya winchi mikononi, walidhani ndiye aonaye kuliko wote. Sivyo. Makuli waliokuwa ndani ya tumbo la meli wakipanga magunia kwenye wavu hakuwaona hata vichwa. Alichokiona ni mkono wa Menza, Mdigo mwembamba aliyesimama ukingoni mwa shimo la shehena. Kidole cha Menza kikizunguka, mzigo hupanda. Kiganja kikielekea chini, hushuka. Ngumi ikifungwa juu ya kichwa, kila kitu husimama, hata kama wavu unaning'inia hewani. Kahindi aliutii mkono huo tangu ujana wake, na wawili hao hawakuwahi kumwumiza mtu.

Nje ya lango la bandari hakumtii yeyote. "Nitaona mwenyewe," ndilo lililokuwa neno lake. Paa likivuja, ataona mwenyewe. Jino likimwuma, ataona mwenyewe. Mkewe, Dama, alizoea kumtania mbele ya wageni: "Kazini haoni kitu, akija nyumbani aona vyote."

Walikuwa wamepanga vyumba vya chini katika nyumba ya mawe huko Mji wa Kale. Mwenye nyumba, Fatema, mjane wa Kibohora, aliishi ghorofani. Humo ndimo Dama alimoanza kupungua. Aliacha samaki, kisha wali, akabaki na uji, na uji nao ukawa haukai tumboni. Daktari alimwita Kahindi kando akamweleza kwamba uvimbe umeshashika ini, na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu. Kahindi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa adabu, akasema ataona mwenyewe.

Tangu hapo hakutulia. Siku asizokuwa na zamu alikuwa njiani: leo kwa daktari mwingine, kesho Kaloleni kwao kutafuta mizizi, keshokutwa kwa tabibu aliyesikia habari zake kwa makuli. Kila jioni alirudi na chupa mpya. Kina mama wa kanisani walipokuja kumwombea mgonjwa, aliwazuia mlangoni, akasema amelala. Fatema aliposhuka na bakuli la supu, alimwambia, "Tumeshapika, mama." Dama, macho wazi kitandani, aliyasikia yote.

Asubuhi moja alimwona mumewe akivaa viatu.

"Baba Everlyne, leo si siku ya kazi. Waenda wapi?"

"Likoni. Kuna mzee, wanasema dawa yake..."

"Keti."

"Nikiketi, nani atakwenda?"

"Nimechoka na chupa. Keti tuombe pamoja, mara moja tu. Siombi kupona. Naogopa, na sitaki kuogopa peke yangu."

Kahindi alifunga kamba za viatu polepole. Kwake yeye, kuketi kulikuwa sawa na kumzika. Akamwambia atarudi mapema, akatoka.

Kesho yake walikuwa wakipakua meli ya sukari. Wavu ulikuwa umepanda nusu ya shimo Menza alipofunga ngumi. Kahindi akasimamisha winchi. Alingoja. Ngumi haikufunguka. Sauti kutoka chini hazikumfikia, na Menza hakugeuza uso. Kichwa cha Kahindi kilikuwa Mji wa Kale. Ghafla akaona hawezi kungoja tena. Akainuka kitini, akainama mbele achungulie shimoni, na kiwiko chake kikakisukuma kipini. Wavu ukaruka, ukagonga ukingo wa chuma, magunia yakapasuka. Sukari ikamwagika shimoni kama mvua.

Hakuumia mtu. Kuli mmoja alikuwa amenasa mguu kati ya magunia, na wenzake walikuwa ndio kwanza wamemvuta kando. Menza alikuwa akingoja atoke.

Msimamizi alipokwisha kufoka na kwenda zake, Menza alikuja akaketi chini, karibu na miguu ya Kahindi.

"Yakhe, leo ulitaka kuona nini?"

"Nilidhani umeniacha."

"Nimekuacha vipi, na mkono u juu?"

"Ulikaa kimya mno."

"Ngumi si kimya," Menza alisema. Alikuwa akijikung'uta sukari nguoni, bila kumtazama. "Ngumi ni neno kama mengine. Ni ngoja." Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Shemeji yangu yuaendeleaje?"

Kahindi aliinuka. Baadaye kidogo alimwomba msimamizi ruhusa, na msimamizi alifurahi kumpa.

Jua lilikuwa bado kali alipofika nyumbani. Alimgongea Fatema kwanza, akamwomba atume mtu kwa kina mama wa kanisani, waje wakati wowote watakao. Ndipo akaingia ndani, akavua viatu, akavisukuma mbali chini ya kitanda, akaketi. Dama alivitazama viatu kabla ya kumtazama yeye.

"Haya," Kahindi alisema, mkono wa mkewe ukiwa ndani ya wake. Alikuwa mtu mzima aliyesahau pa kuanzia. "Mungu," alisema mwishowe, "mimi sioni kitu."

Dama alingoja.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Yatosha," akasema, na akacheka kidogo, kicheko kilichomletea maumivu.

Aliishi siku chache baada ya hapo, na zote hizo mumewe alikuwa kando yake. Kina mama waliimba, Fatema alileta supu, na Kahindi aliinywa yeye, kwa kuwa Dama hakuweza tena. Binti yao Everlyne alikuja kutoka Malindi alikoolewa. Dama alifariki asubuhi, vidole vyake vimefumbata kidole cha mumewe. Walimzika Kaloleni. Kuhusu wiki zile alizozimaliza njiani akifuata chupa, Kahindi hakumwambia mtu neno, lakini chupa zenyewe alizivunja moja moja nyuma ya nyumba.

Siku aliyorudi kazini walipewa meli ya mchele. Wavu ulipanda, na nusu ya njia Menza akafunga ngumi. Ilikaa juu muda mrefu. Mzigo uliyumba taratibu, makuli chini hawakuonekana, na machozi yakamziba macho Kahindi hata ule mkono wenyewe akauona kwa shida. Alishika vipini. Hakuinuka.