Pole za Pembeni

Mama Vifungo hakuwa na ubaya na mtu, na hicho ndicho kilichomponza. Kazi yake katika kile kiwanda kidogo cha sare za shule ilikuwa kushona vifungo, na mdomo wake alikuwa ameushona vilevile. Watu wakigombana mbele yake, yeye anainama kutafuta sindano ambayo haijaanguka.

Meza ya jirani ilikuwa ya mkata vitambaa, mwanamume mpole mwenye kigugumizi. Mbele za watu maneno yalimkwama mpaka jasho likamtoka. Lakini akiwa na Mama Vifungo, mkasi mkononi, ulimi ulimlegea, tena alikuwa na vichekesho huyo! Alimsimulia alivyomposa mkewe: alianza sentensi wakiwa wachumba, akaimaliza wana mtoto wa pili. Mama Vifungo alicheka hadi akajidunga kidole.

Sasa siku hiyo mkata vitambaa kaamka na homa. Kiwandani walikuwa na kundi lao la wasapu, na ruhusa zote ziliombwa humo. Mikono inatetemeka, kuandika hawezi, akarekodi sauti: "Jama... jama... jamani, leo si... siwezi kuja." Basi! Mpiga pasi, yule waliyemwita Redio kwa vile hanyamazi, akaichukua ile sauti na kuitilia ngoma. Kabla ya saa ya chai kundi zima lilikuwa linaangua vicheko. Tangu hapo salamu ya asubuhi ikawa "Jama-jama-jamani!" Hata msimamizi, mtu mzima na mvi zake, naye akaandika, "Jama-jama, mzigo uko tayari?" Ebo! Mtu mzima mzima!

Mama Vifungo ilimchoma moyo. Aliandika, "Acheni, mnamuumiza mwenzenu," akaitazama, akaifuta. Nani anataka kuwa wimbo wa kesho? Akaenda kumwandikia pembeni, wawili tu: "Pole kaka, wapuuze hao." Akajibiwa, "Asante dada." Akalala fofofo, eti amefanya lake.

Mkata vitambaa alipopona na kurudi kazini, akawa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Mama Vifungo akamchokoza, "Kaka, mbona leo umeninyima hadithi?" Akatabasamu kidogo, akaendelea kukata. Wiki haikuisha, meza ikawa tupu, mkasi umeviringishwa kwenye kitambaa. Kundini kukabaki kijimstari kimoja: ametoka.

Mchana wakiwa wanakula, neno likamponyoka Mama Vifungo. "Mimi lakini nilimpa pole. Pembeni."

Mshona kola akaweka kijiko chini. "Hata mimi. Pembeni."

"Na mimi," akasema binti wa zipu, macho chini.

Wakatazamana. Karibu wote walikuwa wamempa pole kisirisiri, kila mmoja akidhani wenzake wanafurahia. Redio mwenyewe, tonge mkononi, akauliza, "Sasa mbona hakuna aliyeniambia niache?" Chakula kikaishia hapo.

Haya ikamshika Mama Vifungo, na hasira juu yake, hasira ya kujikasirikia. Akatoa simu, akaandika kundini yaleyale aliyoyafuta, kwamba walimuumiza mwenzao, na yeye akiwa mmoja wao. Loo, watu wakamiminika! "Kweli kabisa." "Umenena, mama." Na makofi juu. Aliyeyangoja maneno hayo siku zote hizo hakuwemo tena kuyasoma.

Akatoka nje, akasimama ukutani, akampigia. Simu ikaita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Akamwandikia, "Kaka, pokea. Si wao, ni mimi."

Jibu likaja papo hapo.

"Najua ni wewe. Andika tu, dada."