Anayegonga Madigadi ya Baba

Gari la marehemu baba lilianza kugongwa kutoka ndani siku ya Jumatatu, saa saba mchana, jua likiwa utosini.

Ngo. Ngo. Ngo.

Halikuwa limewashwa. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni, niko jikoni nakula. Nikasema ni paka. Nikatoka, nikainama, nikapiga kelele za kumfukuza. Hakuna paka.

Jumanne, saa ile ile, ngo ngo ngo. Gurudumu la nyuma, kushoto.

Hapo nikaishiwa pozi.

Ngoja niwaeleze. Lile gari limenizidi umri. Baba alilipenda mpaka mama akawa analiita mke mwenzangu. Kila baada ya mvua alipiga magoti, akachokonoa kwa vidole ndani ya madigadi, kwenye ule ukingo juu ya tairi ambako tope hujificha na kula bati kimyakimya. Akaosha. Akaacha pakauke siku mbili nzima. Kisha, baada ya chakula cha mchana, alichukua bisibisi yake ya mpini wa mbao, akagonga kwa mpini mara tatu kila upande, sikio karibu kabisa.

"Bati zima linaitika," aliniambia.

Mwaka jana, msimu wa mvua, alianguka hapo hapo ubavuni mwa gari. Tukamkimbiza hospitali. Hakurudi.

Baada ya msiba mama akasema, "Mwanangu, usiache gari la baba yako lioze."

Nikanunua ile rangi nzito ya lami ya kuzuia kutu. Nikapulizia madigadi yote manne kwa dakika ishirini, yakawa meusi ti.

"Umeosha kwanza?" mama aliuliza.

"Nimeosha, nimekausha."

Uongo mtupu. Tope lilikuwa bichi na sikutia hata mkono. Nisiwafiche, niliogopa kupiga magoti pale alipoangukia.

Sasa mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Jumamosi, na hakutaka kusikia gari lingine.

"Kaka, baba hayupo. Angalau gari lake liwepo."

Dereva ni mimi.

Alhamisi, ngo ngo ngo. Nikajikaza nikamuuliza mama aliyekuwa akikunja nguo, "Mama, unasikia?"

"Tangu Jumatatu. Si ni wewe unagonga kama baba yako? Mwenzio nimefurahi."

Mimi sikuwa nimegonga hata mara moja.

Ijumaa asubuhi nikamwita fundi bodi, nikamsimulia yote.

"Dogo, umeniita nipige bati au nifukuze jini?"

Akagonga nyuma kushoto. Pu. Akageuza bisibisi yake, akasukuma kidogo tu. Ikazama mpaka kwenye mpini.

Lami yangu ilimenyuka kama ganda la ndizi. Nyuma yake tope lilikuwa bado na unyevu, na bati limekuwa unga. Pale inaposhikilia shokapu, inayobeba uzito juu ya gurudumu, hapakubaki kitu.

"Kesho ungempakia nani humu?"

"Bibi harusi."

Fundi aliacha utani. Akaendelea kuchokonoa ukingoni, kisha akasimama. "Hiki nini tena?"

Bisibisi. Mpini wa mbao, imezama topeni, imefunikwa na lami yangu juu. Mama aliitafuta nyumba nzima siku za msiba. Lazima baba aliichomeka pale tope lilipoyashinda vidole vyake, siku ile alipoanguka. Ningepitisha mkono mara moja tu, ningeishika.

Mama akaipokea, akaifuta kwa upindo wa gauni.

"Uliosha, eh?"

Nililia mbele ya fundi, mtu mzima na ndevu zangu.

Mdogo wangu alipelekwa na gari la jirani. Alikuwa amenuna, lakini nilipomwonyesha lile shimo alinishika mkono, hakuuachia.

Wewe unayesoma, kabla ya kupaka, tia mkono. Osha, kausha siku mbili, na usimwambie mama yako umeosha kama hujaosha.

Madigadi yameundwa upya. Nayaosha mwenyewe, nimepiga magoti, na kugonga kwa bisibisi ile ile. Mgongaji wangu hajarudi tena. Mwanzoni nilishukuru.

Siku hizi, ikikaribia saa saba mchana, huwa nazima redio.