Kipande Kilichotazamwa Sana

Wanafunzi walimwita Fundi Asidi, naye hakuwa mtu wa kugombana na jina. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa ile ile: anachukua kipande cha silikoni, ile malighafi ya chipu za kompyuta, kilichosuguliwa kikang'aa, anakizamisha kwenye asidi iliyochanganywa na spiriti, kisha anapitisha umeme. Asidi ile hula hata kioo, kwa hiyo vyombo vyake vyote vilikuwa vya plastiki, na mkewe hakumpokea mlangoni mpaka aoge. Umeme ukipita, silikoni hutoboka vitundu vidogo mno, ikawa kama sifongo ambayo matundu yake jicho haliwezi kuyaona. Ukiimulika gizani kwa taa ya zambarau, inawaka rangi ya chungwa. Silikoni ya kawaida haifanyi hivyo hata uibembeleze.

Sasa chuo kilikuwa kimeichoka maabara yao, yeye na Profesa aliyeiongoza. Baada ya wiki tatu wangekuja wageni wanne kuangalia kama kuna la maana linalofanyika mle. Wasipoliona, chumba kingegeuzwa stoo na Fundi angekwenda zake nyumbani. Asidi iliyobaki ilitosha vipande vitano tu. Vinne vilipasuka wakati wa kukauka, kama udongo wa bwawa lililokauka. Cha tano kiliwaka kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

"Kifungie kwenye kiboksi, usikiguse tena," Profesa alimwambia. Profesa mwenyewe alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu.

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Ni yeye aliyekuwa akiwakaripia wanafunzi kwamba taa ile, ikisaidiana na hewa, huimaliza nuru ya silikoni kidogo kidogo. Lakini roho yake ilikuwa juu juu. Asubuhi ya kwanza alifungua kiboksi, akakimulika kidogo tu, ahakikishe. Kilikuwa kinawaka. Akapata hata nguvu ya kufagia. Kesho yake akarudia. Wiki ya pili aliona rangi imefifia, naye, mtu mzima na akili zake, akaanza kukimulika mara mbili kwa siku ili ajue kinafifia kwa kasi gani.

"Mbona huli?" mkewe alimwuliza.

"Nitakula wageni wakiondoka."

"Na wakihamia je?" mke alitania. Fundi hakucheka.

Wageni walikuja, wakasimama gizani, Profesa akawasha taa ya zambarau. Hakuna kitu.

"Labda macho yetu hayajazoea giza," mmoja wao alisema kwa adabu, nao wakangoja dakika nzima. Fundi alitamani ardhi immeze. Mwishowe wageni walishukuru, wakafunga madaftari yao, wakatoka.

"Mzee, ni mimi," Fundi alisema walipobaki wawili. "Nilikuwa nakichungulia. Nimekiua mwenyewe."

Profesa alikuwa bado amekishika kiboksi.

"Ulikuwa unakichungulia saa ngapi?"

"Asubuhi, na jioni kabla ya kufunga."

Profesa alikifunga kiboksi.

"Mimi nilikuwa nakuja mchana," alisema, "ukienda kupumzika."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana wangeanzia wapi? Jumatatu alikuja seremala kupima ukuta apate kutengeneza rafu za stoo, na kwa kuwa alikuwa peke yake, Fundi ndiye aliyemshikia ncha ya pili ya utepe.